Samaki wa Mwenyekiti

Kioo kile kililetwa Kitale kikiwa kimelazwa juu ya magodoro sita ya hoteli, na kati ya wanachama mia nne wa ushirika ambao pesa zao ndizo zilizokinunua, wengi hawajawahi kulalia godoro kama hayo. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba nimekasirika, asije akashangaa mbele ya safari. Jina la ushirika silitaji. Wanaoupelekea mahindi na maziwa yao wanaujua, na wasioupelekea hawajapoteza kitu.

Kilikuwa tangi la kioo la kufugia samaki wa urembo, urefu wake futi nane. Kwa miaka tisa kilikuwa kimepamba mkahawa mmoja wa Bungoma, na sasa mkahawa ulikuwa unafungwa. Bwana Wachira, mwenyekiti wa ushirika, alipita hapo kula nyama, akakiona, akakipenda. Hoteli ya ushirika pale Kitale ilikuwa na risepsheni isiyo na kitu cha kutazama ila picha ya mwenyekiti mwenyewe, kwa hiyo akaamua kwamba mkutano mkuu wa mwaka huu ungewakuta samaki wa dhahabu wakiogelea pale. Mahindi ya wanachama yalikuwa ghalani tangu Desemba bila malipo, na huo ulikuwa mwezi wa Mei.

Aliyetumwa kukileta aliitwa Gathii, mtu wa miaka hamsini na minne. Kazi ya maji aliijulia katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, upande wa kuchuja, na tangu kiwanda kilipofungwa alikuwa akiishi kwa kuzibua sinki za watu na kupanda juu ya matangi yao. Mwenyekiti alimwambia hivi: akikisimamisha kioo vizuri na samaki wakae, ataandikwa kazi ya kudumu ya kutunza maji ya hoteli yote, kwa barua, kwa mshahara wa mwisho wa mwezi na bima ya hospitali. Kwa mtu aliyekaa miaka kumi na mitano akingoja simu ilie, hilo si jambo dogo. Mkewe Kabura alianza kumpigia pasi shati la kwendea kusimama juu ya ngazi.

Kule Bungoma, Gathii alimkuta mzee Sitati, aliyekuwa mtunzaji wa samaki wale tangu wakiwa wadogo kama misumari. Mzee alimwonyesha sanduku la kuchujia lililokaa chini ya kioo. Maji hushuka humo kwa bomba, hupita katika sponji nne kubwa kama mito ya kulalia, kisha pampu huyarudisha juu. Sponji zilikuwa nyeusi tititi na zilinuka kama mtaro wa sokoni. Gathii alikunja pua, na mzee akamwona.

“Fundi, hii uchafu ndio inarinda samaki,” Sitati alisema. “Iko na wadudu wadogo huwezi ona, wanakula sumu ya mavi yao. Ukiosha na maji ya mfeleji, hesabu hawa wote wamekufa. Beba na maji yake, na upepo usikatike.”

Gathii alielewa mara moja, maana hata Webuye walikuwa na mchanga wa kuchujia ambao haukuguswa ovyo. Akazitia sponji katika pipa la buluu pamoja na maji yao ya kahawia, akaweka kipampu cha kupuliza hewa. Samaki wenyewe, sitini kwa hesabu, wangebaki kwa Sitati katika mabeseni mpaka kioo kiwe tayari. Mzee hakudai chochote kwa kuwatunza. Alisema tu apigiwe simu wakifika salama.

Pale hotelini Kitale, kioo kilipita mlango wa mbele. Wanaume saba waliokibeba waliambiwa kwamba wakishakitua watoke upesi, na kuanzia hapo wawe wanazunguka nyuma kupitia jikoni. Meneja, Madam Lorna, alipoona pipa la buluu likishushwa alifunika pua kwa kitambaa. Gathii akamweleza mambo ya wadudu na sumu. Lorna hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa kufutwa, na hao wawili mara nyingi hufanya mambo yale yale. Alisema kitu kinachonuka hivyo hakilali katika hoteli inayongoja askofu wa kuja kubariki samaki, kipelekwe huko kwa fundi. Basi Gathii akakodi mkokoteni akalisukuma pipa mpaka kwake Kibomet, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, pipa likakaa sebuleni, kando ya meza ya chai.

Kabura aliuliza ni nini. Gathii, ambaye mgongo ulikuwa unamuuma tangu Bungoma, alimjibu kwamba ni mali ya hoteli, isiguswe, akala ugali akalala. Angeongeza maneno kumi tu, hadithi hii isingekuwapo. Lakini wanaume wetu wakichoka huwa wanaona kueleza ni kazi ya pili.

Jumanne na Jumatano alishinda hotelini. Sakafu ya risepsheni ilikuwa imeinama, maana mkandarasi aliyeijenga alikuwa shemeji wa mtu, na kioo kikikaa upande hupasuka kwa uzito wa maji. Alilala kifudifudi na pimamaji yake, akakata vipande vya mbao, akatandika povu gumu chini, akapima tena. Katika kona moja ya kioo, gundi ya silikoni ilikuwa imezeeka na kutoa jasho. Akaikwangua yote, akapaka mpya, akaiacha ikauke. Alijaza maji ya kisima polepole huku akipitisha karatasi ya choo kwenye viungo kutafuta unyevu, wala hakupata hata tone. Wageni walikuwa wakimruka miguu. Chai yake aliletewa na msichana wa jikoni, akaambiwa akainywee nje, karibu na mapipa ya taka.

*

Jumatano hiyo ilikuwa zamu ya Kabura kupokea jumuiya. Wanawake kumi na wawili wa kanisani wangekuja saa nane kusali na kunywa chai nyumbani kwake, na kila mtu anajua jumuiya huangalia nini. Husali wamefumba jicho moja. Na pale kando ya meza ya chai palikuwa na pipa linalonuka na kutoa povu.

Kabura alikumbuka kwamba alikatazwa kuligusa, lakini alielewa alivyoelewa: mali ya hoteli, isipotee, isitupwe. Alichungulia ndani akaona sponji nyeusi, akamwonea mumewe huruma. Mtu anatafuta kazi ya kuandikwa, halafu awarudishie watu vitu vichafu namna ile? Kwao Kabura, na kwa majirani zake wote wa Kibomet, chombo cha mtu hakirudishwi kichafu. Hata sufuria ukiazimwa na asiyekupenda, unaisugua mpaka ing'ae, unatia humo mayai mawili au viazi, ndipo unairudisha. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea binti yake Nyaguthii.

Basi alilibeba pipa na kulimwaga mtaroni. Alizifua sponji kwa sabuni ya unga, maji matatu, kisha akaziloweka katika jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, kama anavyofanya shuka za wagonjwa, akazikamua na kuzianika kwenye kamba. Zilikuwa njano tena, kama zilivyotoka dukani. Wanajumuiya walipofika walimwuliza ni mito ya nani mizuri hivyo. Kabura alijibu kwamba ni ya hoteli, mumewe anaandikwa huko, na wakamwombea.

Gathii alirudi jioni akaziona tangu langoni. Hakupiga kelele. Alikwenda akashika moja iliyokuwa imekauka, akainusa, halafu akakaa juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa.

“Ni nini, Baba Nyaguthii?” Kabura aliuliza.

Alimweleza sasa yale ambayo angemweleza Jumatatu. Kabura alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika mdomo kwa khanga. Walimpigia Sitati. Mzee aliuliza kama walitia jiki, akaguna. Changarawe ya zamani iliyokuwa ndani ya kioo, ambayo ingesaidia kwa kuwa nayo ilikuwa na wadudu wale, tayari ilikuwa imemwagwa uani na wenye mkahawa. Lakini njia ilikuwapo moja. Waweke samaki watano tu, wawape chakula kidogo, na baada ya wiki sita wadudu watakuwa wamezaliwa upya. Wale wengine yeye atakaa nao, hawamsumbui.

Naomba msomaji alishike hilo vizuri. Njia ilikuwapo, na haikumgharimu mtu hata senti.

*

Ofisini kwa mwenyekiti, Alhamisi asubuhi, Gathii alitandikiwa gazeti asimame juu yake kwa sababu ya viatu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba sponji zimeharibikia njiani. Badala yake alisema ukweli wote, na mkewe akamtaja, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akikiri kosa lake mapema husaidiwa kulirekebisha.

“Mwenyekiti, hiyo filta imekufa. Ilifuliwa kwangu, makosa ni yangu. Samaki wakiingia sasa, sumu yao itawaua. Tuweke watano, wale wengine wakae Bungoma mpaka mwezi wa saba.”

Bwana Wachira alikuwa akila mandazi. Aliuliza kama askofu atoke Eldoret Jumamosi kuja kubariki samaki watano. Aliuliza pia, kwa utaratibu kabisa, kama maji ni safi, na filta imefuliwa ni safi, shida iko wapi. Gathii akaanza upya mambo ya wadudu, na mwenyekiti akainua mkono.

“Mimi nakuuliza kitu moja tu. Kazi unataka ama hutaki?”

Ijumaa samaki walifika katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Gathii alimwambia mwenyekiti mara ya pili, mbele ya kioo, Lorna akiwa amesimama hapo na daftari lake. Alisema, “Watakufa, mwenyekiti.” Bwana Wachira alijibu, “Weka,” akaenda kupokea simu. Na Gathii akawaweka. Aliiacha mifuko ielee juu ya maji nusu saa ili joto lilingane, akaingiza maji kidogo kidogo, akawafungulia mmoja mmoja kwa upole, kwa maana hata mtu anayelazimishwa kufanya ubaya huufanya kwa ufundi wake. Walitawanyika wakimetameta katika kile kioo kikubwa, na wafanyakazi wote wakatoka jikoni kuja kuwatazama.

Jumamosi askofu alibariki. Picha zilipigwa, mwenyekiti akishika kijiko cha chakula cha samaki. Gathii hakuwamo katika picha hata moja, alikuwa nyuma ya ukuta akishikilia waya wa pampu uliokuwa umelegea.

Jumapili alikufa mmoja. Jumatatu walikufa wanne, na wengine walikuwa juu wakihema midomo wazi. Gathii alianza kubadilisha nusu ya maji kila asubuhi kwa mpira wa maji, na angewaokoa wengi, lakini Jumanne Lorna aliletewa amri kwamba mpira usionekane risepsheni baada ya saa kumi na mbili asubuhi, wageni wanajikwaa. Ikabidi awe anafika saa kumi alfajiri kwa miguu kutoka Kibomet na kufanya aliloweza kabla ya wageni kuamka. Haikutosha. Wafu aliwatoa katika beseni kupitia jikoni, kwa kuwa mlango wa mbele hakuruhusiwa, na mpishi kila siku akamwuliza kama awakaange. Kufikia Alhamisi walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Mtu fulani alipiga picha beseni lile. Ikaingia katika kundi la simu la wanachama, na chini yake mkulima mmoja kutoka upande wa Kwanza akaandika: “Samaki wetu wamekufa. Mahindi yetu je?”

*

Hapo ndipo mwenyekiti alipomwita Gathii, na safari hii alipewa kiti. Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi, wanachama wangeuliza, na lazima wapate jibu fupi. Jibu lilikuwa hili: fundi alikosea nyumbani kwake, akaficha, samaki wakaugua. Gathii atasimama aombe msamaha. Mwenyekiti atamsamehe mbele ya watu wote, maana yeye ni mzazi, na barua ya kazi itatolewa siku hiyo hiyo. Bwana Wachira aliitoa katika droo, imepigwa chapa tayari, akaigeuza ili Gathii asome jina lake.

Gathii alimsimulia Kabura jioni, akiwa anaangalia ukuta. Kabura alikuwa akichuja maziwa. Tangu siku ya sponji alikuwa amepungua maneno, akiamka kabla ya mumewe kumchemshia maji ya kuoga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

“Na wewe utasema hivyo?” aliuliza.

“Nitasema.”

“Sema mimi nilifua. Hiyo ni kweli, nitabeba. Lakini usiseme hukumwambia.”

“Ukweli tumekula miaka kumi na tano, Mama Nyaguthii. Hatujashiba.”

Kabura alifunika maziwa. Kila alichokitazama ndani ya nyumba ile kilikuwa kinamuunga mkono mumewe.

*

Mkutano ulifanyika uani, chini ya hema. Risepsheni ilifungwa kwa kamba ili wenye magambuti ya shambani wasichafue zulia, kwa hiyo wanachama, ambao ndio wenye hoteli, walikitazama kioo chao kupitia dirishani, wakikingia macho kwa viganja. Harufu ya pilau ilikuwa imeanza kuvuma tangu saa tatu, na huo nao ni utawala. Mwenye njaa haulizi maswali marefu.

Gathii aliketi mbele na wafanyakazi, amevaa lile shati. Barua alipewa asubuhi, akaitia mfuko wa kifuani. Kabura aliketi kati ya wanawake wa maziwa, kwa haki yake, maana ng'ombe wao mmoja humpeleka kituo cha maziwa kila asubuhi na lita saba, na namba yake ya uanachama ni ya zamani kuliko ya mwenyekiti.

Bwana Wachira alisoma taarifa yake ndefu. Alipofika kwa samaki alitabasamu. Alisema ushirika ulipata msiba mdogo, fundi wetu aliipeleka filta kwake nyumbani, mke wake akaifua kwa sabuni pamoja na nguo, na fundi akanyamaza. Watu wakacheka. Kuna mzee aliyecheka mpaka akapigwa mgongoni. Kabura alikaza macho kwenye mikono yake, na wanawake wawili waliokuwa wamemwombea siku ile walisogea kidogo kwenye benchi. Kisha Gathii akaitwa. Alisimama, akasema, “Naomba msamaha, wanachama,” akaketi. Mwenyekiti akasema amesamehewa, watu wapige makofi, wakapiga. Jambo likaisha kama lilivyopangwa.

Lingeisha kweli, lakini mikutano yetu ina kipengele cha mwisho kabla ya kura, kiitwacho mengineyo, ambacho viongozi hukisoma haraka. Kilisomwa, na Kabura akasimama. Lorna, aliyekuwa na kipaza sauti, alimtazama mwenyekiti, akabaki alipo. Kabura hakukingoja. Mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto hahitaji umeme.

“Sponji nilifua mimi,” alisema. “Nilifikiri narudisha chombo cha watu kikiwa kisafi. Siku ile ya pili bwana yangu alikuja kwako, mwenyekiti, akakwambia samaki watakufa. Akakwambia tena wakiwa kwa mfuko. Mimi nilifua nikiwa sijui. Wewe uliweka ukijua.”

Waliokuwa wamecheka wakageuka kumtazama mwenyekiti. Mwenyekiti hakukasirika, wakubwa wa aina hiyo hawakasiriki mbele ya watu. Alisema mama ana uchungu, na anamwelewa. Akamgeukia Gathii kwa sauti ya upole.

“Fundi, simama tumalize hii maneno. Hawa samaki walishikwa na ugonjwa, ama sivyo?”

Gathii alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema ndiyo. Neno lilikuwa moja tu, na barua aliisikia kifuani kila alipovuta pumzi. Alikuwa tayari kusema uongo kuhusu yeye mwenyewe, na Mungu amsamehe, alikuwa tayari kumwacha mkewe asimame pale peke yake. Lakini aliulizwa habari ya maji, na maji alikuwa hajawahi kuyasemea uongo tangu akiwa kijana wa Webuye.

“Si ugonjwa,” alisema.

Watu wakangoja. Akajikuta anaeleza. Alisema samaki anakojoa humo humo anamolala, kama ng'ombe aliyefungiwa bomani na hakuna mtu wa kutoa mbolea. Alisema kuna wadudu wasioonekana ambao kazi yao ni kutoa hiyo mbolea, wanaishi kwenye sponji, ndio ule uchafu mweusi. Wakioshwa, boma halina mfanyakazi. Mikono yake ilikuwa inachora hewani, bomba hapa, sanduku pale, na wale wakulima mia nne walikuwa wameinama mbele kumsikiliza, maana ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuambiwa jambo wanalolielewa.

Mzee Kibiwott, mfugaji wa Endebess anayeheshimiwa kwa ng'ombe wake na kwa ukali wake, alinyosha fimbo juu.

“Ni kama shimo yangu ya biogesi,” alisema. “Kijana alimwaga jiki huko, gesi ikakufa mwezi mzima.”

“Ndio hiyo hiyo, mzee. Inataka ipewe muda. Unaweka samaki kidogo, unangoja wiki sita.”

“Na hiyo ya kungoja, ulimwambia mwenyekiti?”

“Nilimwambia Alhamisi kwa ofisi,” Gathii alisema, bado mkono uko hewani. “Na Ijumaa tena. Madam Lorna alikuwa hapo.”

Ndipo aliposikia alichokisema. Mkono ukashuka. Lorna alikuwa anasoma daftari lake kwa makini, na ukurasa ulikuwa mweupe.

Ningependa kuandika kwamba wanachama waliinuka. Walinung'unika, hilo ni kweli. Kibiwott aliuliza kile kioo kilinunuliwa kwa pesa ya nani, na kwa idhini ya mkutano upi, akajibiwa kwamba atajibiwa kwa maandishi. Mkulima mwingine aliuliza mahindi, akajibiwa kwamba hilo si la mengineyo. Kisha mwenyekiti akatangaza uchaguzi, na akatangaza pia kwamba chakula kiko tayari mara tu baada ya uchaguzi. Mikono ikanyoshwa. Bwana Wachira alirudi kwenye kiti chake kwa miaka mitatu mingine, na wengi walionyosha mikono walikuwa wameamka saa tisa usiku kuja kutoka Kwanza na Endebess bila chai. Siwalaumu wao. Ninamlaumu aliyejua kupanga sufuria na kura katika foleni moja.

Gathii na Kabura hawakukaa kula. Walikuwa wanatoka kupitia jikoni, yeye mbele na mkewe nyuma, wakati Lorna alipowakimbilia kwa viatu vyake vya kisigino. Alisimama akihema, akatazama chini.

“Fundi, pole sana. Nimeambiwa hiyo barua irudi.”

Gathii aliitoa mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho kidogo. Alimpa, naye Lorna akaikunja mara mbili bila kuiangalia. Lakini hakuondoka. Nyuma yake, kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi, mtu angeweza kuona mpaka risepsheni, na kioo kile kirefu, na samaki wale kumi na mmoja waliokusanyika juu karibu na bomba wakitafuta hewa.

“Hao wamebaki,” Lorna alisema kwa sauti ya chini, “tuwafanyie nini?”

Gathii alijua la kuwafanyia. Kazi ya saa moja na mpira wa maji, basi. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia ndani. Kabura alimwona, akamwachia mwenyewe. Gathii aliwatazama samaki, kisha akamtazama Lorna na barua aliyoikunja.

“Mwulize mwenyekiti,” alisema. “Yeye nilishamwambia.”